Kamba ya Limi

Jioni ile Limi alitoka na ndoo ya pumba kwenda kuwaita mbuzi, kama alivyofanya kila jioni tangu amalize chuo na kuanza kungoja ajira. Hakubeba fimbo. Mbuzi wa nyumba ile hawakuijua fimbo. Ukiwatikisia ndoo tu walikuja mbio wakisukumana, kama wanafunzi waliosikia kengele ya uji.

Alitikisa ndoo.

Hakuna aliyekuja.

Walikuwa palepale karibu na korongo, wamesimama, vichwa juu, wanamtazama. Akawaita kwa majina. Paskalia! Magesa! Akapiga hatua moja kuwafuata. Mbuzi wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja.

"Nyie, mmelogwa?" akawauliza, akacheka.

Alicheka kwa sababu hakujua. Angejua, angeimwaga ile pumba na kukimbilia kwa mama yake.

Nyumba yao ilikuwa pembeni kabisa mwa Kambarage, pale mji wa Shinyanga unapoanza kuchoka. Mama yake, Mwalimu Klara, alifundisha shule ya msingi, na mifugo aliifuga kwa mapenzi tu. Majirani waliwacheka sana. Walisema lile si zizi, ni ukoo, maana kila mnyama alikuwa na jina la mtu, na utamlaje kuku uliyempa jina la shangazi yako? Ng'ombe wao aliitwa Diwani kwa kuwa aliahidi maziwa mengi akatoa kikombe. Mbwa aliitwa Mgambo. Kulikuwa na bata, sungura, na kanga sita waliopiga kelele kila mgeni alipokanyaga uwanja.

Lakini jina moja halikuwa la utani.

Kwa upande wa baba yake, mtoto akizaliwa alipewa mbuzi jike, na mbuzi yule aliitwa jina la mtoto. Babu Ngusa mwenyewe ndiye aliyemsokotea Limi kamba ya katani siku aliyozaliwa, alfajiri jua likichomoza, ndiyo maana akaitwa Limi, yaani jua. Mbuzi akizeeka, jina na kamba vilirithiwa na bintiye. Huyu wa sasa alikuwa Limi wa tano. Kamba ilikuwa ileile moja, nyeusi kwa jasho la shingo nyingi, na kazi yake ilikuwa kuning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni. Mbuzi akitoka kwenda popote, alifungwa kamba ya dukani. Babu aliwakaririsha wote mpaka wakachoka: mbuzi huondoka, kamba hubaki.

Limi wa tano alikuwa ameondoka siku tisa. Baba, Mayala, alikuja toka machimboni Nyarugusu akakaa usiku mmoja, akasema kuna rafiki yake Ushirombo ana beberu wa ajabu, kifua kama mlango wa kanisa. Akamchukua mbuzi asubuhi na mapema, kabla watu hawajaamka.

Limi hakuona ubaya. Baba ndiye aliyemfundisha kukamua. Ndiye aliyempeleka kwa Babu mabegani, njia nzima, akimwimbia. Kama kuna mtu duniani ambaye Limi asingemfungia mlango, ni Mayala.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kumkamua Diwani. Alimsalimia, akamwosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, akakaa kwenye kigoda. Alipomgusa tu, ng'ombe alishtuka mwili mzima. Teke likaipeleka ndoo mpaka kwenye banda la sungura. Na sungura, waliozoea kumlamba vidole, walijikunyata kona ya mwisho, kimya, macho wazi.

Kanga wakaanza.

Kelele zao zilikuwa zile za mgeni. Limi aligeuka kumtazama aliyeingia. Uwanjani hapakuwa na mtu. Alisogea kushoto, kelele zikapanda. Alisimama, zikatulia. Akanyanyua mguu taratibu…

Zikapanda tena.

Walikuwa wanampigia yeye.

"Mama," aliita, "njoo ukamue wewe. Leo Diwani ananikataa."

Klara alitoka amejifunga khanga ya kulalia. Akakaa kwenye kigoda kilekile, na Diwani akatulia kama si yeye aliyerusha teke. Alipomaliza alimwinamia binti yake ampokee ndoo, akasita. Akamnusa shingoni, kama alivyokuwa akimnusa utotoni kujua kama ameoga.

"Umebadilisha sabuni?"

"Hapana. Kwani nanuka?"

"Hunuki kitu," Klara alisema. "Hata jasho. Hata moshi." Akacheka kidogo, lakini cheko lake halikufika mbali.

Mgambo alikuwa amelala kizingitini. Limi alimwita. Mbwa yule, aliyemlea kwa chupa tangu akiwa hajafumbua macho, aliinuka, akafyata mkia, akapita pembeni mwa ukuta ili asimguse.

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Watu wakikukwepa utasema ni maneno ya watu. Mnyama hana maneno. Limi aliingia ndani akilia, akaufunga mlango wa sebuleni nyuma yake, akauegemea kwa paji la uso.

Msumari ulikuwa mtupu.

Akaushika. Akapapasa chini, akainua mkeka, akatazama nyuma ya kabati. Akatoka taratibu.

"Mama. Baba alimchukua mbuzi kwa kamba gani?"

Klara alikuwa anachuja maziwa. Mkono wake ulisimama. Maziwa yakaendelea kumwagika pembeni mwa sufuria, naye hayaoni.

"Haiwezekani," alisema mwisho. "Mayala hawezi kufanya hivyo. Anajua."

Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena na tena mpaka muda wa shule ukampita, mwalimu ambaye kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuchelewa kengele. Mchana kutwa Limi alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, na wanyama wake wakala, wakanywa, wakalala kwa kumzunguka mbali, kama watu wanavyozunguka shimo.

Jua lilipoanza kushuka, alisikia sauti getini.

"Meee…"

Aliijua. Angeitambua katika mbuzi elfu. Alikimbia akafungua geti, na pale nje alisimama Limi wa tano, peke yake, shingo wazi, hana kamba. Kutoka Ushirombo mpaka Kambarage si mwendo wa mbuzi. Kwato zake zilikuwa zimelika mpaka kwenye nyama, na zimeganda udongo mwekundu ambao Shinyanga haupo. Alinuka baruti. Alinuka dizeli na unyevu, ule unyevu wa chini ambao jua halijawahi kuugusa. Ilikuwa harufu aliyorudi nayo baba kila alipotoka kwenye duara, shimo lao la dhahabu.

Na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine.

Sabuni ya mche. Moshi wa kuni. Mafuta ya nazi.

Harufu ya Limi mwenyewe.

Mbuzi alimpita bila kumtazama, akaingia uwanjani. Mgambo alimrukia kwa furaha, akalia kama mtoto aliyerudishiwa mama. Kanga walinyamaza. Diwani alinyoosha shingo akamlamba uso. Paskalia na Magesa na wengine wote walimzunguka, wakasukumana, wakamsindikiza hadi kwenye jiko la nje, alikokuwa Klara ameupa mlango mgongo, akisonga ugali.

"Limi, umechelewa, mwanangu," Klara alisema bila kugeuka. "Hebu nipe sahani."

Mbuzi aliitika.

"Mama!" Limi alipiga kelele toka mlangoni. Sauti ilitoka, lakini ilitoka imekatikakatika, kavu, kama ya mtu aliyemeza majani.

Klara aligeuka. Alimtazama mbuzi miguuni pake, akatabasamu. Kisha akamwinulia macho binti aliyesimama mlangoni. Akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mpita njia aliyekuja kuomba maji.

"Karibu, binti," alisema. "Wewe ni wa nani?"

Limi alitaka kujibu. Lilikuwa swali jepesi, swali la salamu, ambalo kila mtoto wa Kisukuma anajua kulijibu kabla hajajua kufunga vifungo. Unataja baba yako. Alifumbua mdomo…

Nyuma yake, getini, kitu kililia.

Tko. Tko. Tko.

Ulimi kaakaani. Mlio wa kuitia mbuzi.

"Limi," sauti ilinong'ona. "Limi… njoo, Limi…"

Baba yake alikuwa amesimama nje ya geti na buti zake za machimboni, zimejaa udongo mwekundu mpaka magotini. Kiganja cha kulia kilikuwa na pumba. Mkono wa kushoto ulishika kamba ya Babu Ngusa, amekwisha kuifunga kitanzi.

Hakuwa anamtazama mbuzi.

Miguu ya Limi ilianza kwenda. Hakuituma yeye. Ilikwenda kama inavyokwenda miguu ya mnyama aliyezoea mkono, na shingo yake ikainama mbele kidogo, tayari. Aliiona pumba. Mdomo ukamjaa mate. Na katika yote yaliyomtisha maishani mwake, baadaye alisema, hakuna lililomtisha kama lile, kwamba aliitamani ile pumba.

Baba alikuwa analia. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, na mkono wenye kitanzi ulikuwa unapanda hivyohivyo.

Kamba ilimgusa sikio.

"Mayala!"

Klara alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Uso wa mtu na uso wa mbuzi zilikuwa zimemchanganya, lakini kamba ile aliijua. Ameipangusa vumbi miaka ishirini na mbili.

"Mayala, hiyo kamba inafanya nini nje?"

Mwanamume alirudi nyuma kama aliyepigwa. Pumba ikamwagika. Limi akaanguka kwa magoti, akakohoa, akapata pumzi. Mama yake alifika akamkumbatia, akamshika uso, akawa analirudia jina lake huku anamkagua, kama mtu anayehakikisha ni mtoto wake kweli waliyempa hospitalini.

Mayala alikaa chini mavumbini. Akazungumza bila kuinua kichwa.

Duara lao lilikuwa kavu miaka miwili. Mwamba mtupu. Wenzake wakasema yeye ndiye mwenye mkosi, ameletwa duniani wakati wa njaa na jina lake ni njaa, dhahabu itamkimbia mpaka afe. Wakampeleka kwa mtaalamu. Siku hizi mganga haitwi mganga, anaitwa mtaalamu, lakini porini ni palepale.

"Aliniambia nitoe kilichotoka mkononi mwangu. Nikasema nitatoa Limi. Akauliza, amezaliwa kwako? Nikasema ndiyo. Akauliza, anakula mkononi mwako? Nikasema ndiyo. Ukimwita, anakuja? Nikasema anakuja. Akasema leta kamba yake…" Akajifuta pua kwa kiganja. "Nilikuwa namsema mbuzi, Klara. Nikampeleka mbuzi. Siku ya nane akaniita, akaniambia waliopokea kule chini wamemrudisha. Wamesema si huyu waliyeahidiwa. Akanipa kamba nije nimchukue mwenyewe."

"Nawe ukaja," Klara alisema.

"Wangenichukua mimi."

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na wakisema huwa wanamfikiria jirani, wifi, bibi kizee wa nyumba ya tatu mwenye macho mekundu kwa moshi. Hakuna anayemfikiria aliyembeba mabegani.

Limi aliinuka. Hakumwamkia, jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu ajue kusema.

"Baba. Ulipolitaja jina langu mbele ya yule mtu… uliona sura ya nani?"

Mayala alichota vumbi kiganjani, akalimwaga.

"Ulimwona mbuzi? Au uliniona mimi?"

"Sikujua," alisema kwa sauti ya chini. "Limi, mwanangu, sikujua."

Klara alimwachia binti yake, akaenda akaichukua kamba mkononi mwa mumewe. Akamwita mbuzi. Akamvika kitanzi, akakaza.

"Limi ni huyu," alisema. "Na huyu uliyekuja kumfunga anaitwa Sikujua. Umempa jina hilo wewe mwenyewe sasa hivi, nimesikia, na Mgambo amesikia. Mwite."

"Klara…"

"Jina hutolewa na baba. Mwite!"

"Sikujua," Mayala alisema. Machozi yakamtoka tena.

Limi alihisi kitu kinamwachia kisogoni, kama mkono uliomshika kwa muda mrefu umechoka. Mgambo alimsogelea kwa wasiwasi, tumbo chini, akanusa vidole vyake. Akavilamba. Hapo ndipo binti alipolia kwa sauti, sauti yake mwenyewe, akakaa chini na mbwa wake mapajani. Aliposimama, baba yake alikuwa ameshaondoka.

Miezi minne ikapita. Binti alijifunza kuitika jina geni, na mtaani wakalizoea, maana ni jina la watu. Wanyama walimrudia mmoja baada ya mwingine. Diwani alikuwa wa mwisho, akatoa vikombe viwili, jambo ambalo halijatokea tena. Mbuzi Limi alilala na wenzake. Ila kila jioni, jua likigusa paa, alisimama peke yake akitazama barabara ya kwenda Geita, kwenye machimbo, na hakula mpaka giza liingie. Alipandwa mara mbili, hakushika mimba.

Habari nyingine ililetwa na wapita njia. Duara la Mayala lilikuwa limetoa. Wiki mbili tu baada ya siku ile, mkanda wa dhahabu wa kushika kwa mkono, karasha, zile mashine za kuvunja mawe, zinasaga mchana kutwa. Alipotuma mfuko wa sukari, Klara aliurudisha na basi lilelile. Lakini usiku Sikujua aliwaza jambo ambalo hakumwambia mama yake. Kama mbuzi alirudishwa, na yeye hakuchukuliwa… hao waliopokea walilipwa nini?

Au walikuwa wamekopesha tu?

Asubuhi moja ya Jumamosi alimkuta mbuzi Limi amekufa bandani. Hakuwa na jeraha wala povu. Wenzake walikuwa wamebanana upande wa pili, na shingoni mwake manyoya yalikuwa yamelika kwa duara, ngozi mbichi, kama aliyevutwa kwa kamba kwa safari ndefu. Sikujua alikimbilia sebuleni. Kamba ilikuwa kwenye msumari wake.

Ilikuwa imelowa. Akainusa. Udongo wa chini.

Walimzika mbuzi nyuma ya banda, mama na mwana. Hakuacha binti wa kurithi jina. Klara aliichoma kamba kwa mafuta ya taa, na ilichukua muda mrefu kushika moto.

Jioni yake Sikujua alitoka na ndoo ya pumba. Mbuzi walikuja wakisukumana. Alikuwa anafunga banda aliposikia simu ya mama yake ikilia jikoni, na Klara akaipokea kwa spika maana mikono ilikuwa na unga.

"Klara, usikate." Ilikuwa sauti ya baba. Nyuma yake karasha zilisikika zinasaga. "Nisikilize mara hii tu. Siwezi kulala. Mwambie mtoto ukweli. Mwambie nilidanganya."

"Ukweli gani, Mayala?"

"Aliniuliza niliona sura ya nani." Karasha zikasaga. "Nilimwona yeye, Klara. Alikuwa na gauni lake la komunyo ya kwanza. Nilimwona vizuri kabisa… na nikalitaja jina."

Ndoo ilimtoka Sikujua mkononi. Miezi minne alikuwa amejenga nyumba ndogo juu ya lile neno *sikujua*, akaishi humo, akaitwa hivyo. Kumbe alijua. Baba alijua. Na yeye alikuwa amebeba uongo wake kama jina, mtaa mzima unamwita kwa uongo huo, naye anaitika. Alitaka kwenda kuinyakua simu amtukane, amlilie, amuulize alikosa nini.

Mgambo alinguruma.

Kanga wakaanza kelele.

Getini, kwenye giza jepesi la magharibi, mtu alipiga ulimi kaakaani.

Tko. Tko. Tko.

"Limi…"

Jikoni, kwenye spika, baba yake alikuwa bado analia machimboni Nyarugusu.

"Limi…" sauti ileile iliita getini. Wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ile ya zamani, ya njia ya kwenda kwa Babu, ya mabegani. "Limi, ng'wanawane, mwanangu… njoo."

"Sikujua!" Klara alipiga kelele toka jikoni. "Sikujua, uko wapi? Nijibu!"

Mbuzi wa kuitika hakuwepo tena. Binti alisimama katikati ya uwanja, ameziba mdomo kwa mikono miwili, na koo lake linapanda na kushuka. Alijua kabisa aitike jina lipi. Lakini lile la getini alipewa na mtu aliyempenda kuliko wote, na koo lilikuwa bado halijasahau kuliitika.